Kiboko Dume Asafiriye Peke Yake: Namna Anavyofuatwa Kando ya Ziwa

Watu wakaao kando ya Ziwa la Victoria wanamjua kiboko tangu utotoni. Waluo humwita rao. Kundi la viboko likilala majini wakati wa mchana si jambo la ajabu, na wavuvi wa Dunga, karibu na mji wa Kisumu, hulipita kila siku wakiliachia nafasi yake. Mahali pamoja hapo ufuoni pamepewa hata jina la Hippo Point kwa sababu ya wanyama hao. Lakini habari ikija kwamba kiboko dume mmoja ameonekana peke yake katika bwawa la kunyweshea ng'ombe, au katika mfereji wa mashamba ya mpunga huko Kano, shughuli huwa nyingine kabisa. Mnyama huyo yumo safarini. Leo yupo hapa, kesho hayupo, na watu hawajui watakutana naye wapi.

Yafaa kwanza kujua kwa nini amekuwa peke yake. Majini kiboko dume mwenye nguvu hujitengea sehemu yake ya ufuo, ambayo katika ziwa huweza kuwa na urefu wa mita 250 hadi 500. Humo yeye ndiye mwenye majike. Madume wengine huweza kuvumiliwa maadamu wananyenyekea, lakini mmoja wao akianza kujiona mkubwa hupigwa vita. Meno ya chini ya kiboko dume huweza kufikia nusu mita, na majeraha yake ni makubwa. Ashindwaye huondoka, awe kijana ambaye hajapata mahali pake au mzee aliyenyang'anywa mahali pake. Huyo ndiye aonekanaye peke yake, mara nyingi akiwa na makovu mapya mgongoni na mapajani. Hana maji yake mwenyewe, kila sehemu nzuri ya ufuo ina mwenyewe, basi hufuata mito na vijito, hujificha katika mafunjo, hulala katika madimbwi yaliyoletwa na mvua. Mwenye maumivu na asiye na kwao hana subira, awe mnyama awe mtu.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba kila kiboko aonekanaye peke yake ni dume. Jike akaribiaye kuzaa hujitenga na wenzake, na baada ya kuzaa hukaa mbali nao kwa muda pamoja na ndama wake. Jike huyo ni mkali kupita kiasi. Kwa hiyo jambo la kwanza ambalo askari wa wanyamapori hutafuta matopeni ni kama kuna nyayo ndogo kando ya zile kubwa. Wakiziona, hawasogei tena, nao huwaonya watu wasipite hapo kwa siku kadhaa.

Basi mnyama huyu mkubwa, ambaye uzito wake huzidi kilo 1,500 na pengine hukaribia tani tatu, hufuatwaje?

Jibu la wengi ni kumkimbilia. Kijiji kizima hutoka na mikuki, mapanga, mawe na mbwa, wakapiga kelele nyuma yake. Hakuna njia mbaya kuliko hiyo. Kiboko ana miguu mifupi na tumbo zito, watu wakamwona mzembe. Kumbe nchi kavu huweza kukimbia kwa mwendo wa kilometa 30 kwa saa, na mtu wa kawaida hawezi kumshinda. Tena mnyama afukuzwaye kwa nyuma huenda asikotaka kwenda, akaingia kwenye mihogo, akapita uani, akatokea barabarani penye watoto wa shule. Anayemfukuza haongozi safari yake bali anaiharibu.

Wawindaji wa kale walijua jambo hilo. Katika sehemu nyingi za Afrika walichimba mashimo katika njia ya kiboko, au wakatundika juu ya mti gogo zito lenye ncha ya chuma, kamba ikatandwa chini, naye akiipitia gogo humwangukia. Majini walimpiga chusa chenye kamba na boya, wakalifuata boya badala ya kumfuata mnyama mwenyewe. Wazee wa Waluo walivaa meno ya kiboko katika kofia zao za heshima, na kila aliyeyaona alijua kwamba hayakupatikana kwa urahisi. Ukizitazama mbinu hizo zote, mashimo na gogo na chusa, utaona kwamba hakuna hata moja ya kukimbia. Mwindaji alijua mnyama atapita wapi, akamtangulia.

Hali ni hiyo hiyo hata ng'ambo. Huko Marekani kuna mnyama aitwaye wapiti, mfano wa kulungu mkubwa sana, na dume wake ana pembe zenye matawi. Mwindaji amwonapo dume wa wapiti aliye peke yake na yumo mwendoni, hamwandami. Hutazama ni bonde gani anakokwenda, akazunguka mbali ili upepo usimpeleke harufu yake, akamngoja mbele. Mwezi wa Septemba, wakati wa kupandana, huweza hata kuiga mlio wa dume mwingine, naye mnyama akaja kwa wivu. Kiboko hadanganyiki kwa mlio wa mtu, lakini ana udhaifu mwingine, nao ni mazoea.

Kiboko hawezi kukaa juani mchana kutwa, kwa maana ngozi yake hukauka upesi na kupasuka. Basi hulala majini mpaka jua likitua. Ndipo hutoka kwenda kula majani, na kwa usiku mmoja huweza kula kilo 40 hivi. Kwa kawaida huenda kilometa chache tu kutoka majini, ingawa malisho yakipungua huweza kwenda mbali, hata kilometa 10. Kabla ya jua kuchomoza sana hurudi. Dume asafiriye peke yake hubadili maji yake mara kwa mara, lakini habadili sheria hii. Kila usiku ana safari mbili, kutoka majini na kurudi majini, na kwa kawaida hupita njia ile ile. Atakaye kumjua anachunguza njia hiyo kabla ya kumtafuta yeye.

Njia ya kiboko haifanani na ya ng'ombe. Miguu yake ya kushoto na ya kulia imeachana kwa sababu ya upana wa mwili, kwa hiyo anapopita siku nyingi huacha mifereji miwili na tuta la majani katikati, kama njia ya gari. Unyayo wake una vidole vinne vilivyotawanyika. Alama ikiwa mpya kingo zake ni kali, na maji yaliyomo ndani yake bado yana tope. Ikiwa ya juzi kingo zimeanguka na maji yametakata. Majani yaliyoliwa na ng'ombe huvutwa kwa ulimi na kubaki hayalingani, lakini kiboko hukata kwa midomo yake mipana, na mahali alipokula huonekana kama pamepunguzwa kwa fyekeo. Dume hutawanya mavi yake kwa kupiga mkia upesi upesi, yakarukia vichaka vya kando ya njia. Ukiona kichaka kimechafuka hivyo, na mavi bado yana unyevu, jua kwamba mwenye njia amepita usiku uliopita.

Askari wenye ujuzi hutumia usiku wa kwanza kwa kazi hiyo tu. Hawampigi mnyama wala hawamshtui. Wanatafuta mahali atokeapo majini, mahali alipokula na mahali aliporudia. Wakishajua hayo matatu, wanaweza kusema usiku wa pili atapita wapi, na kama maji ya bwawa yanakauka wanaweza kukisia atakimbilia wapi baadaye. Watu wa kijiji huona usiku huo wa kwanza kuwa ni uvivu. Si uvivu. Ndiyo sehemu kubwa ya kazi.

Baada ya hapo linakuja jambo la upepo, na hapo pwani ya Kisumu ina mambo yake. Mchana, nchi inapopata joto kuliko maji, upepo huvuma kutoka ziwani kuja bara. Usiku nchi hupoa upesi, na upepo hugeuka, ukatoka bara, kutoka milima ya Nandi na uwanda wa Kano, kwenda ziwani. Pua ya kiboko ni nzuri. Basi anapotoka majini usiku, upepo unampiga usoni ukiwa na harufu ya kila mtu aliye mbele yake. Mwindaji amngojeaye upande wa bara hujulikana kabla hajaona kitu. Lakini alfajiri, mnyama arudipo, upepo unatoka nyuma yake kwenda ziwani, na mtu aliye karibu na maji hanuswi hata kidogo.

Hapa ndipo wengi walipopotea. Kwa sababu ya upepo, mahali pazuri pa kumngoja kiboko alfajiri panaonekana kuwa kati yake na ziwa. Kumbe ndipo mahali pa mauti. Kiboko ashtukapo nchi kavu ana wazo moja tu, kurudi majini, naye hurudi kwa njia yake aliyoizoea, moja kwa moja, bila kupinda. Aliyesimama juu ya njia hiyo, awe na bunduki au mkuki au ndoo ya maji kichwani, amemzibia mlango. Watu wengi wanaouawa na viboko hawakuwa wawindaji. Ni wavuvi waliokwenda kutazama nyavu, na kina mama waliokwenda kuteka maji mapema, ambao bila kujua walisimama katika njia hiyo saa ile ile.

Kwa hiyo askari hawakai bara wala hawakai majini. Hukaa ubavuni mwa njia, mahali penye kichuguu au mti mnene, pa kumwona mnyama akipita mbele yao kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Upepo wa alfajiri unapita kati yao naye, hauwapeleki kwake. Ziwa liko wazi mbele yake. Iwapo ni lazima kupiga risasi, basi hupigwa akiwa ubavu, karibu, na aliye nyuma ya mpigaji anajulikana kwa jina. Iwapo si lazima, anapita.

Na mara nyingi si lazima. Siku hizi kazi kubwa ya askari ni kumrudisha mnyama ziwani, wala si kumwua. Katika kazi hiyo upepo wa usiku huwa rafiki. Watu wachache hujipanga upande wa bara tu, wakiwa na taa, wakigonga madebe, na pengine bunduki ikipigwa hewani. Upepo hupeleka harufu na kelele zao kwa mnyama, naye hugeuka kuelekea maji. Sharti ni moja: upande wa ziwa asisimame mtu yeyote, hata mwenye nia njema, hata mtoto aliyepanda juu ya ukuta kutazama.

Hali ngumu kuliko zote ni ile ya mchana. Chukua mfano wa dume aliyepambazukiwa mbali, akaingia katika bwawa dogo katikati ya kijiji. Habari huenea, na kufikia saa nne watu mia wamelizunguka bwawa wakirusha mawe ili atoke wamwone. Mnyama huyu hawezi kuondoka. Jua limekwisha panda, ngozi yake haitastahimili, na kila upande una watu. Akitoka atatoka kwa hasira na atapitia juu yao. Dawa yake ni kumwacha. Watu waondolewe mbali, ng'ombe wapelekwe kunywa mahali pengine, mbwa wafungwe, na jioni njia ya kwenda ziwani au mtoni iachwe wazi. Usiku akiondoka mwenyewe, kazi imekwisha bila risasi hata moja. Kungoja saa nane kando ya bwawa ni kazi ngumu kuliko kurusha mawe, na ndiyo sababu watu huchagua mawe.

Wengine huuliza kwa nini askari wasimpige pale pale majini. Kiboko akiwa majini huonyesha macho, masikio na pua tu, na huweza kuzama kwa dakika tano hivi na kuzukia mahali pengine. Risasi ikigonga maji kwa pembe ndogo hairudi chini, bali huruka na kuendelea mbele mpaka ng'ambo, ambako pengine kuna nyumba au mtumbwi. Tena akifa huzama. Huelea baada ya saa kadhaa, gesi zikishajaa tumboni, na katika muda huo hakuna ajuaye kama amekufa au amejeruhiwa. Kiboko aliyejeruhiwa na kupotea katika mafunjo ni deni ambalo hulipwa na mtu mwingine.

Sheria nayo yafaa ijulikane. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Tangu siku hizo raia haruhusiwi kuwinda kiboko, na amwonaye mnyama wa hatari hupeleka habari kwa Shirika la Huduma za Wanyamapori, lijulikanalo kwa herufi zake KWS, au kwa chifu wake. Maofisa wa shirika hilo ndio wenye kuamua mnyama afukuzwe, ahamishwe au auawe. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa mtu aliyeuawa na mnyama aliyetajwa katika orodha yake, milioni 3 kwa aliyepata ulemavu wa daima, na hadi milioni 2 kwa majeraha mengine. Maombi hupitia kamati ya kaunti. Malipo yamechelewa kwa watu wengi, na manung'uniko yao yana haki. Lakini aliyeumia akimwinda mnyama kinyume cha sheria anajiharibia madai yake mwenyewe.

Juu ya nyama, neno moja. Kiboko akionekana amekufa, huwa ni vigumu kuwazuia watu wenye visu. Lakini kiboko huugua kimeta, ugonjwa ule ule uuao ng'ombe, nao humwambukiza mtu. Mwaka 2004 kimeta kiliua zaidi ya viboko mia mbili katika Hifadhi ya Queen Elizabeth nchini Uganda. Mwaka 2011 huko Zambia mamia ya watu waliugua kwa sababu ya kula nyama ya viboko waliokufa kwa ugonjwa huo. Mzoga uliopatikana bila kujulikana sababu usiguswe kabisa.

Mtu huweza kuuliza kwa nini madume hawa wanaonekana karibu na nyumba. Sababu moja ni kwamba ukingo wa ziwa wenyewe hautulii. Kati ya mwaka 1961 na 1964 maji yalipanda kwa zaidi ya mita mbili. Mwaka 2020 yalipanda tena sana, yakafunika mashamba na nyumba kando ya Ghuba ya Winam, na malisho ya viboko yakazama pamoja na mihogo ya watu. Mnyama alifuata ukingo mpya wa maji, nao ukingo huo ulikuwa uani mwa mtu. Sababu nyingine ni kulima mpaka majini. Mafunjo yakikatwa na kuchomwa, kiboko hana pa kulala, na mpunga wa West Kano, ulio kando kabisa ya ziwa, kwake ni majani kama majani mengine, tena mazuri zaidi.

Magugu-maji yaliyoingia ziwani karibu na mwaka 1990 yameongeza shida, kwa kuwa humficha mnyama kama blanketi. Mvuvi apitaye karibu na magugu hayo hugonga ubavu wa mtumbwi kwa kasia ili kiboko asikie na kujitokeza mbali, badala ya kuinuka chini ya mtumbwi. Desturi hiyo ni ya zamani na ni njema. Mwenye shamba naye ana nafuu yake: kiboko hawezi kuruka wala kupanda vizuri, na ukuta wa mawe usiozidi kiuno cha mtu, au mtaro mpana wenye kingo zilizosimama wima, humgeuza mara nyingi kuliko mlinzi aliyelala. Ila mwenye kujenga aache mwanya pale penye njia yake ya zamani ya kurudi majini, asije akamfungia ndani.

Mwishowe, habari ipelekwayo kwa askari ina thamani kwa kadiri ya undani wake. "Kuna kiboko" ni habari ndogo. Wao huuliza alionekana saa ngapi, alikuwa akielekea wapi, ni mmoja au ana ndama, ana jeraha au hana, na maji ya karibu yako wapi. Mtu akiuona unyayo mpya asubuhi, naye anajua kwamba askari watafika baadaye, aufunike kwa karai au sufuria kuukuu na kuweka jiwe juu yake, ili mvua ya mchana isiufute na ng'ombe wasiukanyage.